Ugonjwa wa Castleman wa HHV-8: namna ya kusoma vipimo vya damu ili usikurudie kwa kushtukiza

Aliyetoka salama kwenye shambulio la kwanza la ugonjwa huu wa tezi za limfu huondoka wodini na swali moja: ukirudi nitajuaje? Ana haki ya kuuliza. Kwa baadhi ya watu hurudi, wakati mwingine baada ya miaka ya utulivu, na haupigi hodi. Wiki hii mtu yuko kazini, wiki ijayo ana homa ya kutetemesha, tezi zimevimba, damu imeshuka na miguu imejaa maji.

Habari njema ni kwamba mara nyingi damu huanza kubadilika kabla mwili haujalalamika. Habari isiyopendeza ni kwamba hakuna kipimo kimoja kinachotabiri kwa uhakika. Mwelekeo wa vipimo vitatu au vinne, vikisomwa pamoja na kulinganishwa na hali yako mwenyewe ya utulivu, una thamani kuliko namba yoyote moja iliyovuka mstari uliochapwa na maabara. Yote yanayofuata hapa yanatoka kwenye hoja hiyo.

Mwongozo huu ni wa mgonjwa, wa anayemuuguza, na wa mhudumu wa afya aliyekutana na ugonjwa huu mara moja au mbili tu. Dawa na dozi ni kazi ya daktari wako. Hapa tunashughulika na karatasi za majibu.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa huu hasa

Jina Castleman linatokana na Benjamin Castleman, daktari wa patholojia wa Boston aliyeueleza katika miaka ya 1950. Tatizo ni kwamba jina hilo moja limebeba magonjwa kadhaa. Kuna Castleman wa eneo moja la tezi, ambao mara nyingi huisha kwa upasuaji. Kuna wa tezi nyingi usiojulikana chanzo. Na kuna huu wetu, wa tezi nyingi unaosababishwa na virusi vya herpesi namba 8 vya binadamu, HHV-8, ambavyo pia huitwa KSHV kwa sababu ndivyo vinavyoleta saratani ya sarkoma ya Kaposi. Virusi hivyo vilitambuliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. Mwaka uliofuata watafiti wa Ufaransa wakavikuta ndani ya tezi za wagonjwa wa Castleman wenye VVU.

Kwa nini hili ni muhimu kwenye mwongozo wa vipimo? Kwa sababu kipimo kikuu nitakachokieleza, kile cha DNA ya HHV-8, hakina maana kwa aina nyingine mbili. Tafuta ripoti ya kipande cha tezi kilichokatwa na uangalie kama kuna neno LANA. Hiyo ni protini ya virusi ambayo mtaalamu wa patholojia huipaka rangi ili ionekane. LANA ikiwa imeonekana kwenye chembe za tezi, uko kwenye mwongozo sahihi. Ripoti ikiwa haitaji LANA wala HHV-8 kabisa, muulize daktari kabla hujaanza kutolewa damu kila mara bila faida.

Wengi wenye ugonjwa huu wana VVU, lakini si wote.

Hatua ya 2: Elewa damu inasema nini, na kwa mpangilio gani

HHV-8 hujificha ndani ya chembe nyeupe aina ya B. Vikiwa vimelala, havina kelele. Vikiamka na kuanza kuzaliana, mambo mawili hutokea. La kwanza, vipande vya DNA yake humwagika kwenye damu. La pili, virusi hutengeneza protini inayoiga interlukini 6, au IL-6, ambayo ni mjumbe wa mwili wa kuwasha uvimbe na homa. Mwili nao huongeza IL-6 yake halisi juu ya ile ya bandia. Hapo ndipo ugonjwa ulipo hasa: mgonjwa anaumwa kwa sababu ya mafuriko ya wajumbe hao.

IL-6 ikifika kwenye ini, ini hubadilisha kazi. Huanza kumwaga CRP, protini inayopanda mwilini kukiwa na uvimbe, huacha kutengeneza albumini ya kutosha, na huongeza homoni ya hepsidini inayofungia madini ya chuma ghalani hadi uboho ukose malighafi ya kutengenezea damu. Mishipa midogo huanza kuvuja maji. Bandama huvimba na kuzuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu.

Kila kipimo kina kasi yake. CRP hupanda ndani ya saa chache na hushuka upesi pia, kwa sababu nusu yake hutoweka kwenye damu ndani ya saa 19 hivi. Albumini hukaa muda mrefu, nusu yake huchukua karibu wiki tatu kuondoka, ingawa ikivujia nje ya mishipa inaweza kushuka haraka zaidi. Himoglobini hushuka polepole. Kwa hiyo mtu aliye na CRP ya juu na albumini ya kawaida huenda ameanza kuumwa juzi, na mwenye CRP ya juu, albumini ya chini na himoglobini ya chini amekuwa akiungua kwa muda.

Hatua ya 3: Chagua vipimo vichache, vile vile kila mara

Huhitaji orodha ya vipimo ishirini. Vinavyobeba mzigo ni hivi:

- DNA ya HHV-8 kwenye plazma, kwa namba, si jibu la "ipo" au "haipo" peke yake
- CRP
- picha kamili ya damu, ukiangalia zaidi himoglobini na chembe sahani
- albumini, pamoja na sodiamu na vipimo vya ini na figo

Ferritini, protini inayohifadhi madini ya chuma, inaongeza kitu, hasa kama imewahi kuwa juu sana wakati wa shambulio la kwanza. LDH, kimeng'enya kinachomwagika chembe zikiharibika, ni ya kuchungulia mara kwa mara kwa sababu nyingine: ikipanda bila maelezo huku tezi moja ikikua kuliko wenzake, daktari atataka kujua kama limfoma, saratani ya tezi za limfu, imeingia, maana ugonjwa huu huongeza hatari hiyo. IL-6 yenyewe inapimika, lakini maabara nyingi hazina, na kwa kazi ya kila siku CRP ni kivuli chake cha kutosha. Sioni sababu ya mtu kuhangaika kuitafuta.

Kipimo cha kasi ya damu kutuama, ESR, sikipendi hapa. Hupandishwa na upungufu wa damu na wingi wa kingamwili, vyote viwili vya kawaida kwenye ugonjwa huu, na hukawia kushuka hata mtu akishapona. Kikiwa ndicho pekee kinachopatikana, kitumie kwa tahadhari.

Na CD4, hesabu ya chembe za kinga zinazoshambuliwa na VVU, na wingi wa VVU? Vipime kwa ajili ya VVU, ila usivitegemee kutabiri Castleman. Hili huwashangaza wengi. Mtu anaweza kutumia dawa za kufubaza VVU bila kukosa, VVU visionekane kabisa kwenye damu, CD4 ikawa nzuri, na bado ugonjwa ukarudi. Kwa hiyo anayeambiwa "CD4 yako iko juu, usiwe na wasiwasi" amepewa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Mwaka 2011 madaktari wa London walichapisha kwenye jarida la Blood ufuatiliaji wa wagonjwa wenye VVU na ugonjwa huu. Walionyesha kwamba kupanda kwa DNA ya HHV-8 kwenye plazma kunaweza kutangulia shambulio jipya. Mwongozo wa chama cha VVU cha Uingereza, BHIVA, wa mwaka 2014 nao unapendekeza kipimo hicho kiwe sehemu ya ufuatiliaji wa walio kwenye nafuu. Ushahidi ni wa watu wachache, kama ilivyo kwa magonjwa yote adimu, na huo ndio msingi wa kutoisoma DNA ikiwa peke yake.

Hatua ya 4: Pata kiwango chako cha utulivu

Hapa ndipo wengi hukosea, na ukikosea hapa hatua zote zinazofuata zitayumba. Namba ya leo haina maana bila namba ya jana. Unahitaji nanga mbili.

Nanga ya kwanza ni vipimo vya siku za shambulio, kabla ya dawa. Viombe kutoka kwenye faili hata kama ni vya zamani. Vinaonyesha ugonjwa wako wewe huwakaje: kuna ambao chembe sahani ndizo huporomoka kwanza, kuna ambao ni himoglobini, na kuna ambao sodiamu hushuka mapema. Ukirudi, yaelekea utafuata njia ileile.

Nanga ya pili ni vipimo vya utulivu. Usivichukue siku matibabu yanapokwisha. Rituksimabu, dawa inayotumika zaidi, huondoa karibu chembe B zote kwenye damu kwa miezi kadhaa, na DNA ya virusi hushuka nazo. Subiri mwili utulie, kisha chukua angalau seti mbili zilizoachana kwa wiki kadhaa ukiwa huna mafua, jipu wala kidonda. Zikikaribiana, hapo una msingi.

Andika pia kipimo kinachosahaulika: uzito wako, ukipimwa kwenye mizani ileile.

Hatua ya 5: Sampuli itolewe vizuri

Majibu mabaya mengi ya DNA huzaliwa kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Damu ya kipimo hiki huwekwa kwenye chupa yenye EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Ikiwekwa kwenye chupa ya heparini, dawa hiyo huvuruga mmenyuko wa PCR, njia ya maabara ya kuzidisha DNA ili ihesabike, na jibu linaweza kutoka "haikuonekana" wakati virusi vipo tele. Mwangalie anayekutoa damu, na usione aibu kuuliza.

Plazma inapaswa kutenganishwa na chembe mapema, kwa muda uliowekwa na maabara husika. Damu ikilala kwenye joto usiku kucha, chembe hupasuka na DNA iliyokuwa imelala ndani yake humwagika kwenye plazma. Namba hupanda ilhali virusi havijaamka. Kwa hiyo sampuli iliyosafirishwa mbali Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu ni ya kutiliwa shaka kabla hata hujaisoma. Damu iliyochanika, yaani ambayo chembe zake zimepasuka, pia hupandisha LDH na potasiamu kwa uongo. Maabara nzuri huandika chini ya karatasi kwamba sampuli ilikuwa imechanika, na mstari huo wengi hawausomi.

Kuna maabara zinazopima plazma, nyingine damu nzima, nyingine chembe nyeupe peke yake. Namba zake haziwekwi kwenye mstari mmoja. Chagua maabara moja na aina moja ya sampuli, ukae hapo. Ukilazimika kuhama, fanya kipimo sehemu zote mbili wiki moja, kisha anza mstari mpya.

Hatua ya 6: Panga ratiba

Kwa mtu aliye kwenye nafuu, kila miezi 3 katika miaka miwili ya kwanza ni ratiba ya busara, kisha daktari anaweza kuitandaza hadi miezi 6. Usiache kabisa, kwa kuwa ugonjwa huu unajulikana kurudi hata baada ya muda mrefu. Nje ya ratiba, homa ya zaidi ya siku mbili bila sababu iliyo wazi ni tiketi ya kupima siku hiyo hiyo.

Kupima kila wiki ukiwa mzima hakukupi usalama zaidi. Kunakupa namba nyingi zinazocheza, na kila moja inakunyima usingizi.

Hatua ya 7: Weka daftari, uandike vipimo vyote kwa uniti moja

Mstari mmoja kwa kila tarehe. Tarehe, DNA, CRP, himoglobini, chembe sahani, albumini, uzito, dalili, dawa mpya. Safu ya mwisho ndiyo itakayokuokoa miezi sita baadaye utakapojiuliza kwa nini chembe nyeupe zilishuka Machi.

Angalia uniti kwa jicho kali. CRP ya 2 kwa kipimo cha mg/dL ni sawa na 20 kwa mg/L. Tofauti hiyo ya mara kumi imewahi kuwatisha watu waliokuwa wazima na kuwatuliza waliokuwa wagonjwa. Albumini ya 4.1 na ya 41 inaweza kuwa ni ileile. Zibadilishe zote ziwe za aina moja kabla ya kuandika.

DNA ya virusi huandikwa kwa nakala kwa mililita, na mara nyingi kwa logi. Logi 3 ni nakala 1,000, logi 4 ni 10,000. Tumia logi unapolinganisha. Kipimo cha PCR huyumba chenyewe, na badiliko la chini ya logi 0.5, yaani takriban mara tatu, linaweza kuwa mtikisiko wa mashine tu. Kutoka 400 hadi 900 si tukio. Kutoka 400 hadi 9,000 ni tukio.

"Haikuonekana" pia si sifuri. Maana yake ni kwamba iko chini ya uwezo wa mashine hiyo, na uwezo huo huandikwa kwenye karatasi. Kuna jibu jingine la katikati, "imeonekana lakini chini ya kiwango cha kuhesabika". Liandike kama lilivyo, usilibadilishe kuwa sifuri.

Hatua ya 8: Soma mstari mzima

Tuchukue mfano wa kubuni, mwanamke aliye kwenye nafuu mwaka wa pili. CRP ni kwa mg/L, himoglobini kwa g/dL, chembe sahani kwa maelfu kwa mikrolita, albumini kwa g/L.

Januari: DNA haikuonekana, CRP 4, himoglobini 13.2, chembe sahani 245, albumini 42.
Aprili: DNA haikuonekana, CRP 6, himoglobini 13.0, chembe sahani 251, albumini 41.
Julai: DNA 800, CRP 5, himoglobini 13.1, chembe sahani 238, albumini 42.
Agosti: DNA 6,500, CRP 11, himoglobini 12.6, chembe sahani 205, albumini 40.
Septemba: DNA 48,000, CRP 37, himoglobini 11.3; chembe sahani 148; albumini 35.

Januari na Aprili ndizo nanga za utulivu. Julai DNA imejitokeza kwa mara ya kwanza, lakini vingine vyote vimetulia na yeye mwenyewe hana dalili. Hapa hakuna wa kukimbizwa. Wapo watu wenye HHV-8 ambao DNA huchungulia kwenye damu mara moja na kutoweka. Kinachofaa ni kurudia baada ya wiki 3 au 4 badala ya kungoja Oktoba.

Agosti ndiyo karatasi ya kuitazama kwa makini. Kwenye maabara inayoweka mpaka wa CRP kwenye 10, kungekuwa na alama moja tu ya H (juu ya kawaida), tena ya CRP 11, ambayo daktari mwenye foleni ndefu ataipita. Himoglobini ya 12.6 haina alama kwa mwanamke. Chembe sahani 205 hazina alama. Albumini haina alama. Lakini weka mstari huo chini ya ule wa Aprili: DNA imepanda karibu logi nzima tangu Julai, chembe sahani zimepungua kwa takriban moja ya tano, himoglobini imeshuka kidogo, albumini kidogo, CRP imeongezeka karibu mara mbili. Vyote vimeelekea upande mmoja kwa pamoja. Hilo ndilo jambo la kutafuta. Huyu anastahili kuonwa na daktari bingwa ndani ya siku chache, aguswe tezi na bandama, aulizwe kuhusu jasho la usiku, na apimwe tena baada ya wiki mbili au mapema zaidi.

Septemba maabara yoyote ingeona. Tofauti kati ya Agosti na Septemba ni tofauti kati ya kuanza matibabu ukiwa unatembea na kuanza ukiwa umelazwa.

Sasa mfano wa kinyume. Mtu huyohuyo anakuja na CRP 96, chembe nyeupe nyingi, kikohozi chenye makohozi, na DNA haikuonekana. Kwa Castleman iliyowaka kwelikweli, DNA kwa kawaida huonekana. Mchanganyiko huu unaelekeza kwenye nimonia au ambukizo jingine, na CRP itashuka haraka dawa sahihi ikianza kufanya kazi. Isiposhuka, rudi kwenye meza ya uchunguzi, usikae na jibu la kwanza.

Ukiulizwa shambulio lenyewe hufafanuliwaje, watafiti wa Ufaransa waliweka kipimo kinachotumika sana: homa, CRP juu ya 20 mg/L isiyo na sababu nyingine, pamoja na angalau dalili tatu kati ya orodha inayojumuisha tezi kuvimba, bandama kubwa, mwili kujaa maji, maji kwenye mapafu au tumboni, kikohozi, pua kuziba, kinywa kukauka, vipele, macho kuwa ya njano, dalili za ubongo na fahamu, na damu kuvunjwa na kingamwili za mwili wenyewe. Zingatia maneno "isiyo na sababu nyingine". Yanabeba nusu ya kazi.

Hatua ya 9: Jua vinavyodanganya

Kifua kikuu ndicho mwigaji mkubwa. Homa, jasho la usiku, kukonda, tezi, CRP juu, damu chini: vyote vinafanana. Kwa mwenye VVU usikubali jibu la "Castleman imerudi" kabla kifua kikuu hakijatafutwa. Wala usikubali "ni kifua kikuu" bila DNA ya HHV-8 kupimwa, hasa kama dawa za TB zimeanzishwa kwa kukisia na homa haiondoki.

Sarkoma ya Kaposi hai na limfoma inayojaza maji mwilini nazo hupandisha DNA ya HHV-8. Rituksimabu inaweza kuchochea Kaposi iliyokuwa imetulia, hivyo DNA ikipanda baada ya dawa hiyo, kagua ngozi na kinywa, ukaakaa hasa. Kuna pia hali ya HHV-8 kuwasha uvimbe mwili mzima bila tezi kuonyesha Castleman. Vipimo vyake vya damu haviwezi kutofautishwa na vya Castleman, ni kipande cha tezi kinachoamua.

Dawa nazo zina ujanja wake, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sioni likielezwa vya kutosha.

Tosilizumabu, dawa ya kuzuia IL-6, huziba mlango ambao IL-6 huingilia. Matokeo yake CRP hushuka karibu na sifuri hata ugonjwa ukiwa hai, na IL-6 kwenye damu hupanda kwa kuwa haina pa kwenda. Mtu aliye kwenye dawa hiyo hawezi kufuatiliwa kwa CRP wala kwa IL-6. Zinabaki DNA, picha ya damu na dalili. Steroidi pia hushusha CRP na homa kwa muda, hivyo aliyepewa prednisoloni kwa ajili ya pumu wiki iliyopita ana karatasi isiyoaminika. Valgansikloviri, dawa ya virusi vya herpesi, huzuia virusi kuzaliana na inaweza kuishusha DNA. Pia hushusha chembe nyeupe na wakati mwingine chembe sahani, ukadhani ugonjwa umerudi. Zidovudini, dawa ya VVU, hushusha himoglobini, lakini hukuza ukubwa wa chembe nyekundu, namba inayoandikwa MCV. Himoglobini ikishuka huku MCV ikipanda, itilie shaka dawa kwanza. Na rituksimabu inaweza kushusha chembe nyeupe za kujihami wiki kadhaa hadi miezi baada ya dozi ya mwisho, bila Castleman kuhusika.

Hatua ya 10: Kubaliana na daktari mapema nini kitafanyika

Mpango uandikwe ukiwa mzima. Ukingoja namba zipande, kila mtu atakuwa na haraka. Mimi ningependa mpango wenye ngazi tatu.

DNA imepanda peke yake, mwili mzima, CRP tulivu: rudia baada ya wiki chache, kagua sampuli ilivyotolewa, usianze dawa ya Castleman kwa namba hiyo tu. Rituksimabu si maji. Hushusha kinga, inaweza kuamsha homa ya ini B iliyolala, na ndiyo maana homa ya ini B hupimwa kabla ya dozi ya kwanza.

DNA imepanda na kipimo kingine kimoja au viwili vimeelekea nayo: daktari bingwa ndani ya siku chache, uchunguzi wa maambukizo, picha ya tezi na bandama, na ikiwezekana kipande kipya cha tezi. Kipande kipya kina maana hata kama utambuzi wa zamani ulikuwa wazi, kwa sababu kinachorudi kinaweza kuwa limfoma.

Homa pamoja na lolote kati ya haya: kupumua kwa shida, kuchanganyikiwa, kutokwa damu, macho ya njano, kukojoa kidogo sana. Nenda hospitali usiku huohuo. Ferritini ikiwa imeruka hadi maelfu mengi, chembe zote za damu zikishuka na fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, ikiwa chini, madaktari wawaze pia juu ya hali ambayo kinga hula chembe za damu zenyewe. Hiyo huua ndani ya siku chache, na haingoji jibu la DNA lililotumwa maabara ya mbali. Kwa jumla, aliye mahututi hutibiwa kwa dalili na vipimo vya haraka. DNA itakuja kuthibitisha.

Ukweli wa kutia moyo ni kwamba waliorudiwa na ugonjwa baada ya rituksimabu wengi huitikia tena dawa ileile.

Hatua ya 11: Baada ya matibabu, anza upya

Nanga za zamani za utulivu zitunze, lakini tengeneza mpya kwa utaratibu wa hatua ya 4. Tarajia CRP ishuke kwanza, homa ikiondoka nayo. Chembe sahani hufuata, kisha albumini, na himoglobini huja nyuma ya wote. DNA ikigoma kushuka ilhali mtu anajisikia vizuri, usiiache; fupisha ratiba ya kupima hadi ijulikane inaelekea wapi.

Ukihamia kliniki nyingine au ukisafiri muda mrefu, beba vitu vinne kwenye bahasha moja: ripoti ya kipande cha tezi yenye LANA, karatasi ya vipimo vya siku ya shambulio, daftari lako, na orodha ya dawa ulizowahi kupewa pamoja na tarehe ya dozi ya mwisho ya rituksimabu. Juu ya bahasha andika jina la maabara inayopima DNA yako na kama hutumia plazma au damu nzima.